Mkono Alioufunga Gyrid

Gyrid binti Eiliv alizaliwa Lomvik, kwenye ghuba ile ndefu inayoingia kati ya milima, katika nyumba iliyonuka moshi mwaka mzima. Baba yake alikuwa mchemsha chumvi. Kutwa alisimama juu ya masufuria mapana ya chuma, akichochea moto chini ya maji ya bahari mpaka maji yaishe na chumvi ibaki. Watoto wake wote walifanya kazi hiyo, na wote waliungua, huyu mkono, yule paja. Mama yao alikuwa na kibuyu cha siagi isiyo na chumvi na majani ya kandokando ya njia, na kila jioni kulikuwa na mtu wa kupakwa.

Mtoto huyu Gyrid alikuwa na tabia moja iliyowachosha watu: kuuliza. Akiwa na miaka saba alimuuliza baba yake kwa nini mvuke unauma kuliko moto. Baba akasema hajui. Kesho yake akamkuta ameweka mkono mmoja juu ya mvuke na mwingine karibu na makaa, uso umekunjamana, machozi yanamtiririka, analinganisha.

"Wewe mtoto," baba alisema huku akimpaka siagi, "siku ukifika mbinguni utamuuliza Mtume Petro ufunguo wake ulifuliwa na nani."

"Kwani ulifuliwa na nani?"

Mama yake alipofariki, kibuyu kikawa chake. Kabla hajafikisha miaka ishirini, kila aliyeungua kwenye ghuba ile aliletwa kwake: wahunzi, wapika pombe, watoto waliojikwaa jikoni. Aliwafunga vidonda, halafu akawahoji. Ulikishikaje hicho chuma? Kwa nguvu au kwa wasiwasi? Ulikiachia mara moja? Wengine walidhani ni sehemu ya dawa.

Akaolewa na Aslak, mvuvi mwenye kondoo kumi na wanne na maneno machache kuliko kondoo wake. Watu walitabiri kwamba hawatamaliza mwaka, yeye anauliza na mume hajibu. Wakakaa pamoja miaka thelathini na sita. Mungu akawapa binti mmoja, Torgunn.

Torgunn alikuwa ameanza kutambaa mfalme mzee alipokufa. Hakuacha mtoto wa ndoa. Mpwa wake Ottar, mtu wa bara mwenye mashamba na watu, akajiandaa kukaa kwenye kiti cha enzi. Basi kiangazi kilekile jahazi likaingia kutoka visiwa vya magharibi, na ndani yake kijana wa miaka kama ishirini na mitano, jina lake Hallkel. Alisema yeye ni mwana wa mfalme mzee. Alisema mfalme, zamani za ujana wake, alikwama visiwani majira mazima ya baridi kwa sababu ya dhoruba, na mama yake ndiye aliyekuwa akimpikia. Kuthibitisha hayo alikuwa na pete moja ya fedha, ambayo ingeweza kuwa ya mtu yeyote.

Watu wakamcheka, kwanza kwa lafudhi yake. Watu wa visiwani huzungumza kana kwamba wana uji wa moto mdomoni. Lakini walikuwepo pia wasiomtaka Ottar, na hao hawakucheka sana. Baraza likakaa siku nne, watu wakagombana mpaka sauti zikawakauka, mwisho wakakubaliana: Hallkel achukue chuma cha moto, atembee nacho hatua tisa mbele ya kanisa la askofu, mkono ufungwe, na siku ya tatu ufunguliwe. Ukiwa safi, Mungu ametoa ushahidi juu ya baba yake, na Ottar atainamisha kichwa. Ukiwa umeoza, kijana atanyongwa.

Ikabaki shida moja. Nani ataufunga? Watu wa Ottar hawakumwamini mtu yeyote wa Hallkel, na wa Hallkel vivyo hivyo. Ndipo Padri Sigvat wa Lomvik, ambaye mpishi wake alikuwa ameponywa mguu mzima ulioungua mwaka uliopita, akamtaja Gyrid. Akaja mwenyewe kwa mashua, akamkuta anaanika samaki.

"Gyrid, niambie kweli. Kati ya hawa wawili, moyo wako uko kwa nani?"

"Sijamwona hata mmoja, padri. Ni kweli Ottar ana pua kama usukani wa mashua?"

"Sikuja kwa habari za pua."

"Najua. Lakini nikienda nitaiona?"

Padri akamtazama Aslak, kama anayeomba msaada. Aslak akasema, "Mchukue. Usipomchukua ataniuliza mimi mpaka Krismasi."

*

Siku ya chuma watu walijaa uwanja mzima wa kanisa. Kweli Ottar alikuwa na pua, ila haikufika usukani. Hallkel alitoka amevaa sufu nyeupe, miguu mitupu, amefunga kula siku tatu. Aliosha mikono mbele ya wote. Gyrid alikuwa amesimama hatua mbili kutoka beseni, na macho yake hayakwenda usoni kwa kijana kama ya watu wengine. Yalikwenda viganjani. Akaona ngozi nene, ya manjano, ngumu kama soli ya kiatu. Huyu alikuwa amevuta makasia na kamba tangu utotoni. Akaliweka hilo moyoni.

Chuma kilitolewa kwenye makaa. Hallkel akakishika kwa mkono wa kulia, akaanza kwenda. Hakukimbia. Alihesabu kwa mnong'ono, na alipofika tano harufu ikawafikia watu wa mbele, na mwanamke mmoja akageuza uso. Tisa. Chuma kikaanguka kwenye majani na majani yakatoa moshi. Gyrid akapewa muda wa kuvuta pumzi tatu, autazame mkono na aufunge kwa kitani safi. Siagi hapana, asali hapana. Askofu akamwaga nta juu ya fundo na kugandamiza muhuri wake.

Zile siku tatu kijana alikaa katika chumba cha wageni cha kanisa, walinzi wawili wa Ottar mlango huu, wawili wake mlango ule, na Gyrid kwenye benchi katikati, ahakikishe kitani hakiguswi. Alikatazwa kumuuliza lolote juu ya mfalme mzee. Basi akauliza mengine.

"Ni kweli kwenu hakuna miti?"

"Hata mmoja. Tukitaka kivuli tunasimama nyuma ya ng'ombe."

"Na kuni?"

"Tunachimba udongo wa bwawani, tunaukausha, tunauchoma."

"Udongo unawaka?"

"Unanung'unika kwanza. Kama wewe nikinyamaza."

Walinzi wa pande zote mbili wakacheka, wakajikuta wanatazamana, wakaacha. Siku ya pili homa ikampanda kijana kidogo. Akamuuliza Gyrid, polepole, kama atapona. Gyrid akasema hajui, maana kweli hakujua, na kijana akageukia ukutani.

Siku ya tatu askofu alivunja muhuri. Kitani kilikuwa kimeganda kwenye nyama, na ilibidi Gyrid akilainishe kwa maji ya vuguvugu, pole kwa pole, huku watu wote wamenyoosha shingo. Kiganja kikafunguka. Palikuwa na malengelenge mawili makubwa yaliyopasuka. Ngozi pembeni ilikuwa nyeupe, imekufa. Chini ya vidole viwili vya mwisho nyama ilionekana, nyekundu. Usaha haukuwepo. Gyrid akainama akanusa. Harufu mbaya haikuwepo.

"Ameungua," akasema mtu wa Ottar.

"Chuma cha moto ulitaka kimfanyeje, kimnawishe?" akajibu mtu wa Hallkel.

Ikawa zogo. Mikono ikaenda kwenye vipini vya visu. Askofu alikuwa mzee na macho yake hayakuwa mazuri tena. Aliusogeza mkono wa kijana karibu, akausogeza mbali. Kisha akamgeukia Gyrid.

"Wewe mwanamke wa chumvi. Umeona mikono mingi ya namna hii?"

"Mingi, bwana askofu."

"Huu ukoje?"

"Unapona. Baada ya wiki sita atashika kasia."

Ni hayo tu aliyosema. Lakini askofu aliinua fimbo yake na kutangaza kwa sauti iliyofika mpaka bandarini: Mungu ameuponya mkono wa mwana wa mfalme. Uwanja ukalipuka. Ottar alisimama muda mrefu, kisha akapiga goti, akatimiza ahadi yake, na tangu siku hiyo Hallkel akawa mfalme.

*

Gyrid alirudi nyumbani na jibini nzima aliyopewa na askofu, lakini roho haikutulia. Aslak alimwona anakoroga uji mpaka ukapoa.

"Ulisema uongo?" akamuuliza.

"Hapana."

"Basi kula."

"Aslak, mwaka juzi niliufunga mkono wa yule mwizi wa kondoo. Ukapona haraka kuliko huu. Na mkono wa mhunzi Tore, mtu wa kanisani kila siku, ukaoza mpaka nikamkata kidole. Kiganja kinajuaje nani alilala na nani miaka ishirini na tano iliyopita?"

"Ulimwambia hivyo askofu?"

"Hakuniuliza hivyo."

Aslak akatafuna, akafikiri. "Basi na mimi sikuuliza," akasema.

Utawala wa Hallkel ulidumu miaka kumi na minne. Watu wa ghuba waliupima kwa yale yaliyowafikia. Alijenga vibanda vya mawe kwenye njia ya mlimani, ili wasafiri wasife kwa theluji, na kweli vifo vikapungua. Alilazimisha mashamba makubwa yawaazime wadogo mashua za kuvulia heringi. Lakini pia alipigana na watu wa kusini kwa jambo ambalo hakuna mtu Lomvik aliyeweza kulieleza, na wito ukaja, mtu mmoja kila nyumba. Aslak akaenda. Gyrid alilima, akavua, akamlea Torgunn, na majira mawili ya baridi hakupata habari. Siku alipouona mwendo wa mumewe kwenye njia ya ufukweni, akiyumba kama bata, alikaa chini mlangoni, akamngoja afike.

Aslak alirudi na vidole vinane vya miguu na maneno mengi. Baridi ilikuwa imemla viwili, na pengine ilimfungua ulimi. Sasa ndiye aliyesimulia na mkewe aliyesikiliza. Alisema mfalme anakula kwa mkono wa kushoto. Alisema wa kulia anauficha ndani ya joho, na kwamba akikasirika anausugua.

"Anausugua wapi?"

"Nitajuaje, mimi nilikuwa benchi la mwisho."

"Chini ya vidole viwili vya mwisho?"

"Gyrid, nimetoka vitani."

Miaka hiyo yote Gyrid hakuacha kuchunguza. Kila kiganja kilicholetwa alikipima kwa ukucha kabla ya kukifunga, ngozi nene au nyembamba, na akakumbuka kipi kilipona na kipi kilioza. Mvuta makasia alipona upesi. Mshonaji alichelewa. Aligundua kwamba aliyetumbukizwa mkono kijitoni mara tu alipoungua alipona vizuri kuliko aliyepakwa siagi kwanza, jambo ambalo mama yake hakulijua. Alimweleza Padri Sigvat habari ya ngozi nene. Padri akasikiliza hadi mwisho, akafunga madirisha ingawa nje hapakuwa na mtu, akamwomba asiliseme tena.

*

Mwaka wa kumi na moja mfalme alipita na watu wake kula karamu za mashamba, kama ilivyo desturi, akafikia shamba kubwa lililo mwisho wa ghuba. Asubuhi ya pili akamwita Gyrid.

Alikuwa amenenepa. Nywele zimemwacha mbele. Lafudhi ya visiwani ilikuwa bado ipo, ila hakukuwa tena na mtu wa kuicheka. Aliwatoa watu chumbani, akautoa mkono ndani ya joho, akauweka mezani. Vile vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimejikunja ndani kama makucha ya ndege, kovu limevivuta.

"Baridi ikija vinaniua," alisema.

Gyrid akapasha mafuta ya sili wa baharini, akaanza kulikanda kovu, akivuta vidole kidogo kidogo. Mfalme aliuma meno. Baada ya muda akasema, "Binti Eiliv, nina swali nimelibeba miaka mingi. Siku ile uliona nini?"

Gyrid hakuacha kukanda. Akamwambia. Malengelenge, nyama nyekundu, ngozi nene ya makasia. Akamwambia na habari za mwizi wa kondoo na mhunzi Tore. Alijua watu hupoteza ulimi kwa maneno machache kuliko hayo, lakini alikuwa ameulizwa, na yeye alijua uchungu wa kuuliza bila kujibiwa.

Nje mtu alikuwa akinoa shoka.

"Kwa hiyo ni makasia," mfalme akasema.

"Mimi najua viganja tu, bwana mfalme. Mengine sijui." Kisha, kwa kuwa hakuweza kujizuia, "Na wewe, ulikuwa unajua?"

Alidhani atafukuzwa. Mfalme akautazama mkono wake mikononi mwa mwanamke yule.

"Mama yangu alikuwa na hadithi tatu za baba yangu," alisema. "Katika moja alikuwa mfalme."

"Na nyingine?"

"Ya pili alikuwa mwindaji wa nyangumi. Ya tatu, mfanyabiashara wa kitani aliyekufa maji. Ilitegemea siku hiyo nimemfurahisha au nimemuudhi."

"Na hadithi ya mfalme ilikuja akifurahi?"

"Akikasirika. Alikuwa akisema, umekuwa na kiburi kama baba yako." Akacheka kidogo, akaacha. "Watu wanadhani nilishika chuma ili niwathibitishie wao. Nilitaka kujua mimi. Nilifikiri nikifika hatua ya tisa nitajua."

"Ukajua?"

"Nilijua kwamba ni cha moto."

Gyrid akakifunga kila kidole kwenye ubao mwembamba ili kinyooke. Alipomaliza mfalme aliinua mkono, akaugeuza huku na huku.

"Utawaambia watu?"

"Kazi yangu ni kuuliza, bwana mfalme. Kutangaza kuna wenyewe."

Akampa joho la sufu ya buluu. Kabla mwaka haujaisha sheria ikasomwa katika kila baraza: kuanzia sasa hakuna mtu nchini atakayeshikishwa chuma kwa ajili ya jina la baba yake, madai ya namna hiyo yataamuliwa kwa kiapo cha watu kumi na wawili wanaoijua familia. Wengine walisema mfalme anamwogopa mwingine atakayekuja na pete. Wengine walisema askofu mpya ndiye aliyetaka. Aslak alimtazama mkewe sana jioni hiyo, akamuuliza walizungumza nini kule shambani. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao Gyrid alikuwa na jibu na hakulitoa. "Vidole," akasema.

Hallkel alikufa kwa homa ya mapafu miaka mitatu baadaye, huko mji wa kusini, na mwanawe akakaa kwenye kiti bila chuma wala damu. Habari zilifika Lomvik pamoja na wachuuzi wa nafaka. Gyrid alivaa joho la buluu siku hiyo, ingawa kulikuwa na joto.

*

Aslak alishatangulia, na Torgunn alishakuwa na watoto wake, alipokuja padri mmoja wa makamo mwenye mafua, na mfuko wa ngozi za kuandikia. Alisema ametumwa na askofu kuandika maisha ya Mfalme Hallkel. Ameambiwa kwamba mwanamke aliyeufunga mkono bado yu hai.

Walikaa nje kwenye jua. Padri akapenga kamasi, akachovya kalamu.

"Mama, ni kweli kwamba kitani kilipofunguliwa harufu ya maua ilijaa uwanjani?"

"Hapana. Palinuka jasho. Watu walikuwa wengi."

"Na mkono ulikuwa mweupe kama wa mtoto mchanga?"

Gyrid akamweleza alivyouona, yote, lengelenge kwa lengelenge. Padri alisikiliza kwa adabu, akaandika kwa muda mrefu. Gyrid akamwomba amsomee. Padri akasoma kwamba kitani kilipofunguliwa mkono ulikuwa mweupe kama wa mtoto mchanga, na watu wote wakalia kwa furaha.

"Mimi ni binti wa mchemsha chumvi, padri," Gyrid akasema. "Hapo umetia nyingi."

Padri akaona haya. Akajitetea kwamba askofu ndiye atakayesoma, na baada yake watu wengine, ambao hawatapenda malengelenge. Gyrid hakukasirika. Aliivuta ile ngozi magotini mwake, akainama juu yake vilevile alivyoinama juu ya mikono ya watu, akaanza kumuuliza ni ngozi ya mnyama gani, wino umechemshwa na nini, kwa nini alama hii ina mkia na ile haina, na wapi hapa pameandikwa yeye.

"Hapa," padri akaonyesha. "Nimeandika, mwanamke mmoja."

"Yupi?"

Padri akachovya kalamu. Akatafuta nafasi pembeni, nje ya mstari, akaandika jina lake kwa herufi ndogo na la baba yake. Gyrid akapitisha kidole chini ya herufi hizo bila kuzigusa, wino usije ukachafuka, na akamtaka amtajie kila moja. Padri alikosa mashua ya mchana kwa sababu ya shughuli hiyo. Ilibidi Torgunn amtandikie kitanda, na walikula wote watatu samaki mkavu na siagi, huku mgeni akieleza, kwa mara ya tatu, tofauti ya herufi mbili ambazo kwa kweli zinafanana.